Kichocho na Haya Iliyokosa Pahala Pake

Tarehe 30 Machi 1977, Misri ilifiwa na mwimbaji wake mashuhuri, Abdel Halim Hafez. Alifia hospitalini mjini London, naye ana umri wa miaka 47 tu. Wapenzi wa nyimbo za Kiarabu wanayajua mahaba aliyoyaimba, lakini si wengi wanaokijua kilichomuua. Alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha mkoa wa Sharqia, na kama watoto wenziwe wa mashamba ya huko, aliingia kuoga na kucheza katika mifereji ya maji. Humo ndimo alimopatia kichocho. Maradhi yale yakamla ini miaka na miaka, na sifa zote alizozipata ulimwenguni zisiweze kumnunulia afya.

Kichocho chake kilikuwa kile cha ini na matumbo. Sisi huku Pwani tunamjua zaidi ndugu yake, kichocho cha kibofu, ambacho dalili yake ni kukojoa damu. Kwale, Kilifi na kando ya mto Tana, pana vijiji ambamo hiki si kitu kigeni hata kidogo. Tena ni maradhi ya kale sana. Mwaka 1910, tabibu Marc Armand Ruffer alichungua mafigo ya maiti za Misri zilizokaushwa yapata miaka 3,000 iliyopita, akayakuta mayai ya mdudu huyu yamo ndani. Mdudu mwenyewe alionwa mwaka 1851 na Mjerumani Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Kisha mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, naye akiwa huko huko Misri, akathibitisha kuwa mdudu huyo hana budi kupitia kwa konokono.

Safari yake ni ya ajabu. Dume na jike huishi pamoja katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, dume amemkumbatia jike katika mfuo wa mwili wake, na hukaa hivyo miaka kadha wa kadha. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Mayai hayo hupasua kuta za kibofu, na hapo ndipo damu itokapo. Mtu akikojoa katika maji baridi, mayai huanguliwa, na kijidudu kitokacho humtafuta konokono mdogo wa ziwani. Ndani ya konokono, kimoja huzaa maelfu. Baada ya wiki chache hutoka vijidudu vyenye mikia ya panda, na hupenda kutoka jua likiwa juu, saa zile zile ambazo watoto hukimbilia majini kwa joto. Vikimkuta mtu hupenya ngozi yake nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache. Visipompata mtu, hufa kwa siku mbili tatu. Na katika maji ya chumvi havina maisha, kwa hivyo anayeoga baharini hana la kuhofia upande huu.

Mdudu huyu ana jamaa zake katika maziwa ya Ulaya na Marekani, ambao wenyeji wao ni mabata na ndege wengine wa majini. Nao pia hupitia kwa konokono. Watu wa huko wakienda kuogelea wakati wa joto, hutoka majini wakijikuna, ngozi imewatoka vipele. Mwaka 1928 mtaalamu William Cort, katika jimbo la Michigan, ndiye aliyeonyesha kuwa sababu ni vijidudu hivi. Vimekusudia bata, vikamkosea mtu. Vikisha kuingia ngozini hushindwa kuendelea, vikafa papo hapo. Muogeleaji hujikuna siku chache, yakaisha. Wa kwetu hakosei njia. Huenda mtoto akawashwa kidogo siku ile, au asihisi kitu kabisa, na mgeni akawa keshaingia nyumbani.

Sasa hapa nataka tuseme kweli. Konokono hazaliwi na maradhi haya. Ni sisi tunaompelekea, kwa mkojo wetu. Sote tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tulifundishwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na kwa Muslim. Tuliisoma katika mlango wa tohara, tukaihifadhi, tukajua hukumu ya maji machache na maji mengi. Kisha tukatoka chuoni, tukawaona watoto wakikojoa ziwani tukacheka. Pale palipohitaji haya, haya haikuwapo.

Haya hiyo imehamia kwengine. Kijana anakojoa damu naye anaficha, au wenziwe humwambia kuwa hiyo ni alama ya kubaleghe, akaona fahari. Miaka hupita, kibofu kikaharibika, na kwa wengine kikaingia saratani.

La wanawake ni zito zaidi. Mayai yale hayakai kibofuni tu. Huingia katika njia ya uzazi na shingo ya tumbo la uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na damu isiyo ya hedhi. Na pengine mwanamke akakosa kuzaa. Vidonda hivyo pia humfungulia mlango virusi vya ukimwi. Binti wa watu akiiona damu hiyo huanza kuuliza hukumu ya sala yake, na kuuliza hivyo ni vyema, lakini aulize na dawa. Akijikaza akaenda zahanati, pengine hudhaniwa ana maradhi ya zinaa. Mume akisikia hushuku. Mawifi wakisikia husema. Mwanamke aliyechota maji ya mtoni kwa ajili ya nyumba ile ile akatoka humo na jina bovu! Tunaijua dhambi ya kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi. Basi kabla ya kufungua kinywa, na aulizwe kwanza: alifua wapi? Alioga wapi alipokuwa mdogo?

Dawa ipo, nayo huitwa prazikwanteli. Humezwa kwa siku moja, na mashuleni watoto hupimwa urefu ili kujua kila mmoja apewe vidonge vingapi. Lakini huua wadudu waliokwisha kukua tu, wala haimkingi mtu asipate tena. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wameonyesha njia. Huko watoto wa shule walisomeshwa kwa kijitabu cha picha kiitwacho Juma na Kichocho. Tena kati ya mwaka 2011 na 2017, pamoja na kugawa dawa na kuua konokono, vilijengwa vyoo vya mashuleni na mahala salama pa kufulia. Maradhi hayakwisha kabisa, ila yamepungua sana.

Nasi tulianze lililo mkononi mwetu. Maji ya ziwa yachemshwe, au yawekwe siku mbili kabla ya kuogea, yasiwe na konokono. Choo kiwe mbali na mahala watu wanapochota maji. Na imamu akifika kwenye mlango wa tohara, amtaje na konokono.

Maji yaliyosimama, mkojo usiyatie,
Damu ikikuandama, tabibu ukamwambie,
Haya yataka hekima, mahalipe itulie,
Mwenye kutoa lawama, Mola na amhofie.