Bunju, samaki asiyeogopa moto

Bunju akivuliwa huvimba. Hugugumia maji, au hewa akishatolewa baharini, akawa duara kama mpira, huku meno yake manne yaliyoungana yakitokeza kama mdomo wa kasuku. Wavuvi wengi wa pwani yetu hawamchekei: humtupa.

Nahodha James Cook alimla. Septemba 1774 meli yake, Resolution, ilikuwa imetia nanga Balade, kaskazini mwa Kaledonia Mpya. Karani wake akanunua kwa mwenyeji samaki wa jamii hii. Kumchora na kumwandika kulichukua muda, giza likaingia, basi wakapika ini na mayai tu. Kumbe humo ndimo sumu inamojazana. Bahati yao, Cook na wataalamu wawili wa viumbe, Johann Forster na mwanawe Georg, walionja tu.

Mnamo saa tisa usiku viungo vililegea, ganzi ikatambaa. Cook aliandika kwamba mkononi mwake chombo kilichojaa maji na unyoya vilikuwa na uzito mmoja. Walitapishwa, wakapona. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa asubuhi.

Sumu hiyo ni tetrodotoksini, jina iliyopewa mwaka 1909 na Mjapani Yoshizumi Tahara. Huziba njia za sodiamu kwenye neva, ujumbe ukakatika. Midomo na ulimi hufa ganzi, kisha mikono na miguu, mwisho misuli ya kupumua. Mgonjwa anaweza kusikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake asiweze kujibu. Dawa ya kuivunja haipo. Hospitali humpumulisha kwa mashine mpaka mwili uitoe wenyewe.

Jikoni nako moto haufui dafu: chemsha, kaanga, kausha, sumu ipo palepale. Na bunju haitengenezi mwenyewe. Hutokana na bakteria, ikamfikia kupitia chakula chake. Kwa hiyo kiasi hutofautiana kati ya samaki na samaki. Ndiyo maana mmoja hula akashiba, akajisifu, na jirani yake akazikwa.

Kule Balade, wenyeji walipopanda melini wakamwona samaki yule ananing'inia, waliashiria mara moja kwamba haliwi. Siku ya kuuza hawakusema hivyo. Onyo lilifika baada ya tonge.