Dawa za Fangasi wa Ngozi na Namna Zinavyofanya Kazi

Seli ya kuvu, yaani fangasi, hufanana na seli ya binadamu kuliko inavyofanana na bakteria, na ndiyo sababu tiba yake ni ngumu, kwa kuwa sumu inayoiua kuvu bila kuchagua huweza kumdhuru na mgonjwa mwenyewe. Mwanya uliopatikana umo katika utando wa seli: ule wa binadamu huimarishwa na kolesteroli, ilhali ule wa kuvu huimarishwa na ergosteroli, na dawa nyingi za kupaka zinazouzwa kwa ajili ya choa na fangasi wa miguuni hulenga utengenezaji wa ergosteroli hiyo.

Klotrimazoli na mikonazoli, zilizo za kundi la azoli, huzuia kimeng'enya kimojawapo, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali, ambacho kuvu hukihitaji ili kuitengeneza ergosteroli, hivyo utando hudhoofika na kuvu huacha kukua. Terbinafini huikatiza kazi hiyo katika hatua ya mapema zaidi, na matokeo yake dutu iitwayo skwalini hurundikana ndani ya seli mpaka kuiua.

Kuacha kukua si kufa, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Mwasho ukishatulia baada ya siku chache, dawa huwekwa kando, ilhali azoli huhitaji kupakwa kwa wiki 2 hadi 4. Tena choa huenea kuelekea nje: katikati ya duara ngozi huonekana imepona, huku ukingo ulioinuka wenye magamba ukiwa ndimo kuvu inamostawi, hivyo dawa inapaswa kupakwa kwenye duara lote na kupita ukingo kwa sentimita 2 hivi.

Hatari kubwa zaidi ni krimu zilizochanganywa na steroidi kali, kama vile betamethasoni, ambazo hununuliwa ovyo kwa sababu huleta nafuu ya haraka. Steroidi haiui kuvu hata kidogo. Huzima kinga ya ngozi mahali pale, wekundu ukafifia na ukingo ukapotea, huku kuvu ikitambaa bila kizuizi, hata tabibu akashindwa kuutambua ugonjwa.

Mapunye, yaani choa cha kichwani, hayaponi kwa krimu peke yake, kwani kuvu huwa imeingia ndani ya shina la unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 kutoka kwa kuvu nyingine, humezwa, ikajishikiza kwenye keratini, protini inayounda nywele na kucha, na kuzuia seli za kuvu zisigawanyike. Nywele zinazoota upya huwa na kinga hiyo, lakini zile za zamani hubaki na kuvu mpaka zikue na kunyolewa, na ndiyo maana mtoto huendelea kupewa dawa hiyo kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uinyonye vizuri.