Kula na Kunywa Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Makala za lishe katika jarida letu kwa kawaida huhusu utapiamlo wa watoto, uji wa lishe na bustani za mboga. Safari hii tumeona vema kueleza jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wasomaji: mtu aliyefanyiwa upasuaji ili apungue uzito, na namna anavyopaswa kula na kunywa akisharudi nyumbani. Sababu ni kwamba watu hawa sasa wapo katika sharika zetu. Baadhi yao walifanyiwa upasuaji nje ya nchi, na katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, nayo imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito. Wengine ni wageni wetu, marafiki wa sharika kutoka Ulaya na Marekani, ambao hukaa mezani petu, wakala vijiko vitatu na kuweka kijiko chini, na mama mwenye nyumba akabaki anajiuliza chakula chake kimekosa nini.

Tuanze kwa kuondoa wasiwasi mmoja. Wapo wanaodhani kwamba upasuaji huu ni wa urembo. Sivyo. Mwongozo uliotumika tangu mwaka 1991 uliwalenga watu wenye unene wa kupindukia, hasa wale ambao tayari wana kisukari, shinikizo la damu au matatizo ya kupumua usingizini. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu viliulegeza mwongozo huo, kwa kuwa ilionekana kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani hupata nafuu kubwa, na wengine hupunguziwa dawa ndani ya wiki chache tu. Upasuaji wenyewe si mpya. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota walitangaza njia ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Wagonjwa walipungua kweli, lakini wengi walipata kuhara kusikoisha, mawe ya figo na ugonjwa wa ini, na njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa na mwenzake Chikashi Ito walianza njia ya kupunguza tumbo lenyewe, na hiyo ndiyo mama wa zinazotumika leo.

Kinachofanyika tumboni

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, ikabaki sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Katika ya pili, tumbo hugawanywa, kikaachwa kifuko kidogo juu chenye ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, na kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena katika tumbo la zamani wala katika sehemu ya kwanza ya utumbo. Ipo pia njia ya kuweka puto tumboni bila kukata kitu chochote. Puto hukaa miezi sita, aina nyingine mwaka mmoja, kisha hutolewa.

Kwa ndugu wa mgonjwa, yatosha kukumbuka jambo moja katika haya yote: chombo kilichokuwa kikipokea sahani nzima sasa kinapokea vijiko vichache. Vidonda vya nje hupona haraka, kwa sababu siku hizi upasuaji hufanyika kupitia matundu madogo, na mgonjwa anaweza kutembea siku ile ile. Mshono wa ndani, hata hivyo, unahitaji wiki kadhaa. Mtu anaonekana mzima, anasalimia, anacheka, na ndiyo maana watu wa nyumbani husahau.

Maji kwanza

Watu wengi huuliza atakula nini. Swali la kwanza lingepaswa kuwa atakunywaje. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitali katika mwezi wa kwanza. Mwili unahitaji kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, lakini tumbo halipokei glasi moja kwa mara moja. Akinywa kwa pupa, atasikia maumivu kifuani au atatapika.

Hesabu yake ni hii. Akinywa mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kila baada ya dakika 15, atapata mililita 120 kwa saa. Ili afikishe lita moja na nusu atahitaji saa 12 na nusu. Akianza saa 12 asubuhi atamaliza saa 12 na nusu jioni, bila kuhesabu muda wa chakula. Kwa hiyo kunywa maji ni kazi ya kutwa nzima. Njia rahisi tuliyoiona katika nyumba moja ni kumwekea ile chupa ya dukani ya lita moja na nusu, iliyochorwa mistari kwa kalamu: hapa ni saa 4 asubuhi, hapa ni saa 7, hapa ni saa 10. Yeyote anayepita anaona kama mama au baba yuko nyuma. Mkojo wa rangi ya chai, kizunguzungu akisimama na mdomo kukauka ni dalili kwamba chupa haishuki inavyotakiwa.

Aidha, asichanganye kula na kunywa. Hospitali nyingi humwelekeza asubiri nusu saa baada ya chakula ndipo anywe. Kwetu sisi tuliozoea kusukumia ugali kwa maji hili ni gumu, lakini maji yakija juu ya chakula katika kifuko kidogo ama yanamjaza na kumtapisha, ama yanakisukuma chakula haraka kwenye utumbo. Soda na vinywaji vingine vyenye gesi aviache. Mrija wa kunywea nao huingiza hewa.

Kutoka supu hadi sahani

Kila hospitali ina ratiba yake na mgonjwa afuate aliyopewa. Kwa kawaida siku moja au mbili za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa. Halafu kwa wiki mbili hivi hutumia vyakula vya majimaji: maziwa, mtindi usio na sukari, supu ya samaki au kuku iliyochujwa vizuri. Wiki mbili zinazofuata ni vyakula vilivyosagwa laini, kisha vyakula laini vya kutafunwa, na kati ya wiki ya sita na ya nane hurudi kidogo kidogo kwenye chakula cha nyumbani.

Hapa ndipo jiko letu linapohitaji kufikiri upya. Chakula cha mgonjwa kwetu ni uji. Uji mwepesi unapita kirahisi, lakini wa mahindi matupu ni wanga, na mtu huyu anahitaji zaidi protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili mwili usianze kula misuli yake wakati uzito unashuka. Yai moja lina takriban gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina gramu 20 na zaidi, na kiasi hicho hicho cha maharage yaliyopikwa ni kama 8 au 9. Ndiyo maana anaambiwa aanze na samaki, yai au maharage, mboga zifuate, na wanga uje mwisho kama nafasi ipo. Mara nyingi nafasi haipo.

Mtori unafaa sana katika hatua ya kusagwa, mradi nyama nayo isagwe humo humo na isiwe ndizi tupu yenye harufu ya nyama. Dagaa waliosagwa unga ni hazina, kijiko kimoja kinaingia kwenye supu au maharage bila kuongeza ujazo. Mtindi na maziwa mgando pia vinafaa. Vinavyoleta shida hata baada ya miezi ni vile vinavyonata au kukakamaa: ugali mgumu, mkate mpya, chapati, wali uliokauka, nyama choma. Kila tonge litafunwe mpaka liwe kama uji, chakula kichukue dakika 20 hadi 30, na aache mara tu anapohisi kushiba. Kijiko kimoja zaidi ya hapo ndicho kinachomkimbiza nje.

Zawadi tunazopeleka

Kamati za diakonia na vikundi vya akina mama hupenda kumtembelea mgonjwa, na hilo tunalishukuru. Tazameni lakini tunachobeba: juisi ya boksi, soda, biskuti na kopo la glukosi. Kwa mtu aliyeunganishwa tumbo na utumbo, hicho ni kifurushi cha matatizo. Sukari nyingi hushuka kwenye utumbo kwa ghafla, na ndani ya dakika 10 hadi 30 huanza kutoka jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuhara. Wengine hupatwa baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka mno, wakatetemeka na hata kuzirai. Pelekeni mayai, maziwa, samaki, maharage. Au kalameni nusu ya muda na mfue nguo, kwani katika wiki za mwanzo anakatazwa kubeba vitu vizito, ndoo ya maji ikiwemo.

Jambo la kulazimisha nalo tuliseme. Ukarimu wetu unapimwa kwa neno "ongeza kidogo." Mwenye tumbo la vijiko vichache hukubali kwa heshima, hasa akiwa mgeni au mkwe, kisha huenda kutapika nyuma ya nyumba. Mwekeeni sahani ndogo na msimhesabie vijiko. Wakati wa Kwaresima, mtu wa namna hii asifunge maji wala protini bila kuzungumza na daktari wake. Mwonjo wa divai mezani pa Bwana ni kidogo mno kumdhuru. Lakini pombe kwa glasi, baada ya upasuaji wa kuunganisha, huingia kwenye damu haraka na kwa ukali kuliko zamani.

Kutapika si kuzoea

Mama mmoja katika mtaa wa dayosisi yetu alianza kutapika mwezi wa pili baada ya upasuaji. Nyumbani walisema tumbo jipya linazoea. Alitapika hivyo kwa zaidi ya wiki mbili. Kisha akaanza kuyumba akitembea, macho yakaona vitu viwili viwili, akawauliza wanawe maswali yale yale mara kwa mara. Alikuwa amepungukiwa vitamini B1, iitwayo thiamini, ambayo mwili huiwekea akiba ya wiki mbili hadi tatu tu. Bahati njema katika hospitali aliyopelekwa alikuwapo tabibu aliyeitambua hali hiyo na kumchoma sindano ya thiamini kabla ya kumtundikia dripu ya sukari. Mpangilio huo ni muhimu mno, kwa kuwa sukari ikitangulia, ubongo unaweza kudhurika zaidi. Mama yule yu hai na anawatambua watoto wake, ila hadi leo anatembea kwa fimbo.

Kwa hiyo mtu aliyefanyiwa upasuaji huu akitapika siku mbili au tatu mfululizo apelekwe hospitali, na anayempeleka aseme waziwazi: huyu alipunguzwa tumbo. Katika siku za mwanzo, homa, mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika, kupumua kwa shida, au maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto huweza kuashiria mshono kuvuja. Hapo ni kuondoka usiku huo huo.

Vidonge vya maisha

Vitamini na madini si vya mwezi mmoja. Aliyefanyiwa upasuaji huu huhitaji maisha yake yote vidonge vya vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, vitamini B12 na D, na kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku. Chuma na kalsiamu vipishane kwa saa mbili, kwa sababu moja huzuia nyingine, na chuma kisinywewe na chai ya rangi. Gharama hii haizungumzwi vya kutosha. Familia huuza shamba kulipia upasuaji, na hakuna aliyewaambia kwamba duka la dawa litakuwa linawasubiri kila mwezi. Ningependa kila anayefikiria upasuaji huu apewe kwanza hesabu ya vidonge vya miaka kumi ndipo aambiwe bei ya kitanda.

Dawa za maumivu za dukani zinahitaji tahadhari. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa. Parasetamoli ni salama zaidi. Kina mama wasibebe mimba kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, nao wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango waulize kuhusu njia nyingine, kwa kuwa baada ya upasuaji wa kuunganisha vidonge huenda visifyonzwe ipasavyo.

Tunaziomba kamati za sharika zinazomfahamu mtu wa namna hii zimsaidie kuandika kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi: aina ya upasuaji, tarehe, hospitali ulikofanyika, dawa anazotumia, na maneno haya kwa herufi kubwa: THIAMINI KABLA YA DRIPU YA SUKARI. Nakala moja ibaki kwa mwenzi wake au kwa mzee wa kanisa wa mtaa.