Gazeti lililowachekesha watoto na kuwatia wazazi hofu



Mwezi uliopita nilikamata kaye ya hesabu ya mtoto mmoja wa la tano. Kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa amenichora: kinywa kikubwa kama sufuria ya arusi, fimbo mkononi, na mbele yangu watoto wote wamelala, mmoja akiota mandazi. Nilijitambua mara moja. Hata kitenge kilikuwa changu, kile chenye ndege. Nilikasirika, nikatia kaye ndani ya mfuko wangu, nikamwambia aje kesho na mama yake.

Mama alikuja mbio kutoka sokoni, mikono bado myeupe kwa unga wa muhogo anaouza. Alipoona picha alivua kiatu kimoja. "Madamu, niachie huyu, leo mikono yake haitachora tena." Hapo hasira yangu ikapoa, nikaanza kumwogopea mtoto. Nilimwomba mama aniachie kaye kwa juma moja. Sababu sikumweleza siku ile. Leo namweleza yeye pamoja na ninyi wote.

Nyumbani nina magazeti matatu ya zamani niliyonunua kwa muuza vitabu vilivyotumika. Yalikuwa yamefungwa kamba moja na kamusi ya Kiingereza, na bila kamusi ile nisingeelewa hata nusu. Ni gazeti la Marekani, la hadithi za picha za kuchekesha. Jina lake ni MAD, maana yake mwenye wazimu. Lilianza New York mwaka 1952. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Harvey Kurtzman, na mwenye nyumba ya uchapaji alikuwa William Gaines. Huyu Gaines alikuwa akisomea ualimu wa kemia. Baba yake alikufa katika ajali ya mtumbwi wa mota mwaka 1947, na mtoto akajikuta mkuu wa biashara ya picha ambayo hakuitaka. Baba alikuwa amechapa hadithi za Biblia kwa picha. Mtoto akageukia hadithi za kutisha, kisha akaongeza hili la wazimu.

Juu ya ganda kuna kijana mwenye masikio makubwa, madoadoa usoni na pengo la jino, anacheka kama mtu ambaye hana deni popote. Jina lake ni Alfred E. Neuman. Uso wake ni mzee kuliko gazeti lenyewe: watu walikuwa wakiutumia zamani katika kadi za posta na hata katika publisite za madaktari wa meno. Mwaka 1956 gazeti lilimchukua, likamtangaza kuwa anagombea urais wa Marekani. Tangu hapo hakutoka tena.

Ndani mna mchanganyiko. Kuna filimu iliyopendwa wakati ule, imechorwa upya kwa mzaha, na waigizaji wanakiri wenyewe kwamba hadithi yao haina kichwa wala miguu. Kuna nyimbo maarufu zilizobadilishwa maneno, kama sisi tunavyofanya kwenye arusi kumtania mkwe. Wenye nyimbo waliwashitaki, na mwaka 1964 mahakama ya rufaa iliwapa haki watu wa MAD. Pembeni kabisa mwa kurasa, mahali ambapo sisi waalimu tunaandika alama kwa biki nyekundu, kuna vipicha vidogo sana vya Sergio Aragonés, bila neno hata moja. Nilisoma gazeti la kwanza lote ndipo nikaviona. Watoto wangu waliviona kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna pia wapelelezi wawili wenye pua ndefu kama za ndege, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Usidhani ni habari ya rangi ya ngozi: ni nguo tu, sura zao ni moja. Kila mara mmoja anatega bomu, mwingine anategua na kutega lake. Leo anashinda huyu, gazeti linalofuata anashinda yule, na hakuna anayekumbuka ugomvi ulianza wapi. Mchoraji wake, Antonio Prohías, alitoka Cuba mwaka 1960, juu ya picha zake za kumcheka Fidel Castro. Alipokwenda kuomba kazi MAD hakujua Kiingereza, akaenda na binti yake ili amtafsirie. Wapelelezi wake walionekana mara ya kwanza mwaka 1961. Hawasemi neno, kwa hiyo mtu yeyote anawaelewa. Sisi wa mashariki ya nchi hii tunaweza kuwaelewa hata tukiwa tumefumba macho.

Sasa niwaambie kilichowatia wazazi hofu. Katika miaka ile watu wengi Marekani waliamini kwamba hadithi za picha zinaharibu watoto. Mwaka 1948, katika miji mingine, watoto walikusanya vitabu vyao vya picha na kuvichoma mbele ya watu, na wazazi na waalimu wamesimama pale wakikubali. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichosema vitabu hivyo ni mlango wa uhalifu. Mwaka huohuo kamati ya Senati iliketi New York kuchunguza jambo hilo, na Gaines akaenda kujitetea. Walimwonyesha ganda la gazeti lake moja la kutisha, lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa, wakamwuliza kama hiyo ni picha ya adabu. Akajibu kwamba kwa gazeti la kutisha, ndiyo.

Mimi ni mwalimu na ni mama, na juu ya picha ile niko upande wa wale wamama. Hakuna mtoto anayehitaji kuona kichwa cha mwanamke mikononi mwa mtu, na sisi hapa tunajua zaidi kuliko wao. Lakini ona kilichofuata. Wachapaji walijiwekea sheria na muhuri, na wauzaji wengi wakakataa gazeti la picha lisilo na muhuri. Gaines alifunga magazeti yake karibu yote. MAD peke yake lilibaki, juu ya mwaka 1955 lilikuwa limegeuzwa kuwa gazeti kubwa la senti 25 badala ya 10, na magazeti ya namna hiyo hayakuhitaji muhuri. Moto uliokusudiwa kwa vichwa vilivyokatwa ulikuwa karibu kuteketeza na kicheko.

Na kicheko kile kilikuwa kinafanya kazi ambayo shule nyingi hazikuifanya. Tangu mwaka 1957, kwa zaidi ya miaka 40, MAD halikupokea publisite ya mtu yeyote. Liliishi kwa senti za wasomaji, na miaka ya mwanzo ya 1970 liliuza nakala zaidi ya milioni 2 kwa kila toleo. Kwa sababu halikula kwenye sahani ya wafanyabiashara, liliweza kuwacheka. Lilichukua publisite za kweli na kuzitengeneza upya: picha nzuri ileile, maandishi mazuri yaleyale, lakini sasa zinasema ukweli. Sigara ndizo zilizopigwa sana. Magazeti mengine ya wakati ule yalikuwa yanalipwa na makampuni ya sigara, na katika televizyo ya Marekani publisite hizo hazikukatazwa mpaka mwaka 1971. Wakati wote huo mtoto wa miaka 10 aliyenunua MAD alikuwa anaonyeshwa kwamba kijana mrembo anayetoa moshi puani amelipwa.

Fikirieni hapa kwetu. Kuna krimu za kugeuza ngozi, supu ya kipande kidogo inayojisifu kuliko nyama, mchungaji wa kwenye simu anayeuza mafuta ya muujiza. Nani amemfundisha mtoto wako kumtazama anayeuza na kujiuliza anataka nini?

Sitaki mnielewe vibaya: gazeti hili si la kuabudu. Wachoraji wake walikuwa karibu wote wanaume, na inaonekana. Katika kurasa nyingi mwanamke ni bibi wa kugomba tu au msichana wa kutazamwa. Nilitafuta mama mmoja mwenye akili kuliko mume wake. Nilimpata, lakini nilichoka kumtafuta. Tena wao wenyewe walijiita, kwenye ukurasa wa mbele, genge la wajinga. Angalau hapo hawakudanganya.

Kati yao nilimpenda mmoja, Al Jaffee. Alizaliwa mwaka 1921 Savannah, kusini mwa Marekani, kwa wazazi Wayahudi waliotoka Lithuania. Alipokuwa na miaka 6 mama yake alichukua watoto wote wanne, akarudi nao katika mji wake wa zamani, Zarasai. Ilikuwa ni kutembea tu, lakini miaka ikapita. Baba aliyebaki Marekani alikuwa anakata hadithi za picha za magazeti, anazikunja, anawatumia kwa posta. Ndizo alizoshika yule mtoto katika baridi na njaa ya kule. Mwaka 1933 baba alimrudisha Marekani. Mama alibaki Lithuania, na inaaminika aliuawa pamoja na Wayahudi wengine wakati wa vita.

Mtoto huyo ndiye aliyebuni, mwaka 1964, ukurasa wa mwisho wa MAD: picha inayouliza swali, na ukiikunja mara mbili inakuwa picha nyingine yenye jibu. Aliendelea nayo mpaka mwaka 2020, akiwa na miaka 99. Alikufa mwaka 2023.

Niliwafundisha watoto wa la tano kuitengeneza, na ninyi mnaweza kuifanya nyumbani kwa karatasi moja na kalamu. Laza karatasi, kunja sehemu ya katikati kuelekea ndani ili upande wa kushoto na wa kulia ugusane. Chora juu ya kiungo hicho picha ya jibu, nusu huku, nusu kule. Sasa fungua. Jibu limekatika vipande viwili, na katikati pana nafasi tupu. Jaza nafasi hiyo mpaka vile vipande vipotee ndani ya picha mpya kabisa. Ni kazi ngumu. Ilituchukua siku mbili, na karatasi nyingi zilikwenda kuwasha moto.

Mchoraji wangu nilimrudishia kaye yake, na alimaliza wa kwanza. Picha ikiwa wazi, unaona soko, wateja wanacheka, na makopo ya unga yamejaa mpaka kumwagika. Ukiikunja, linabaki kopo moja tu la kupimia, na kitako chake kimepigwa nyundo kuingia ndani, karibu nusu.

Mama yake alipokuja nilimpa karatasi. Akaikunja, akaifungua, akaikunja tena. Halafu akamwuliza mtoto, kwa sauti ndogo: "Hili kopo ni la nani?"