Je, Wajua? Soma Tarakimu Ndogo za Kadi ya Grafiki

Je, wajua kwamba kadi mbili za grafiki zinaweza kubeba jina moja na zisiwe kadi moja? RTX 3060 iliyotoka Februari 2021 ina kumbukumbu ya 12GB, na njia yake ya data ya biti 192 hupitisha GB 360 kwa sekunde. Mwishoni mwa 2022 ikaja RTX 3060 nyingine: 8GB, biti 128, GB 240 kwa sekunde. Muuzaji atakwambia ni ileile, imepungua kumbukumbu tu. Si ileile.

Wala haikuwa mara ya kwanza. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilikuja kwa 6GB na kwa 3GB, na hiyo ya pili ilipunguziwa pia viini vya kukokotoa, kutoka 1,280 hadi 1,152, jina likabaki vilevile. Kichekesho chenyewe ni GT 1030: yenye kumbukumbu aina ya GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki hata 17. Kadi hiyo si ya gemu, lakini madukani inapangwa pamoja na za gemu, ndiyo maana naitaja.

Je, wajua kwamba jina liliwahi kurudishwa nyumbani kabla kadi haijafika sokoni? Septemba 2022 NVIDIA ilitangaza RTX 4080 mbili, ya 16GB na ya 12GB, zenye chipu tofauti kabisa. Watu walipiga kelele. Tarehe 14 Oktoba kampuni ikaiondoa ile ya 12GB, na Januari 2023 ikatoka kwa jina jipya: RTX 4070 Ti.

Je, wajua namna ya kuzisoma hizo namba? Kwenye RTX 4060, 40 ni kizazi na 60 ni daraja. Daraja la 60 ndilo la kati, la mtu anayetaka gemu zicheze vizuri bila kuuza shamba. AMD nao wamefuata mtindo huo mwaka 2025 kwa RX 9060 XT. Zamani kidogo waliandika RX 6600 na RX 7600. Kizazi kipya hakimaanishi kasi zaidi: RTX 3070 ya mwaka 2020 bado inaipita RTX 4060 ya 2023. Tofauti ni kwamba 4060 inakula wati 115, na 3070 wati 220.

Je, wajua kwamba kwa miaka kadhaa kadi iliyoongoza katika takwimu za Steam, duka la gemu la mtandaoni, haikuwa ile ya bei mbaya, bali GTX 1060? Wengi wetu tuko daraja hilo. Ila usikimbilie kuinunua leo. Gemu ya Indiana Jones and the Great Circle, ya Desemba 2024, haianzi kabisa kwenye kadi isiyo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na GTX 1060 haina.

Je, wajua kumbukumbu ya kadi inafanya kazi gani? Inashika picha zote ambazo gemu inazihitaji karibu: ngozi za wahusika, ukuta, majani, vivuli. Mfikirie mama lishe mwenye meza moja. Meza ikitosha, anakata, anageuza, anapakua bila kuinua mguu. Ikijaa, kila kitunguu lazima akifuate stoo, na wateja wanaanza kugonga vijiko. Kadi ya 8GB ikijaa hufuata data kwenye RAM ya kompyuta, mbali na polepole, na wewe unaona gemu inakwama nusu sekunde kila unapogeuka. Wastani wa fremu kwa sekunde unaweza kusoma 70 na bado mchezo ukakukera.

Kwa hiyo, hukumu yangu ndogo. RX 9060 XT ilizinduliwa Juni 2025 kwa dola 299 yenye 8GB na dola 349 yenye 16GB, na hapa kwa mara moja tofauti ni kumbukumbu kweli, chipu ni ileile. Hizo dola 50 zilipe. Arc B580 ya Intel, ya Desemba 2024, ilianza kwa dola 249 na ina 12GB, ila inadai mazabodi inayokubali kipengele kiitwacho Resizable BAR. Kwenye mashine ya zamani inapoteza nguvu vibaya. Bei hizi ni za Marekani siku ya uzinduzi. Dukani kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka.

Je, wajua kwamba skrini ya 4K ina pikseli mara nne kamili ya skrini ya 1080p? Ni 8,294,400 dhidi ya 2,073,600, na kadi inazipaka rangi zote upya kila fremu. Ile ya 1440p iko katikati, 3,686,400. Kadi ya kati na skrini ya 4K ni kumtwisha punda gunia la tembo.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaliza wengi huku kwetu. Je, wajua kwamba kompyuta nyingi za bei nafuu zinazotua Dar na Nairobi zilikuwa za ofisini Ulaya, na hazikuumbwa kwa kadi ya gemu? Chukua Dell OptiPlex 7010 ile ndogo. Pawa saplai yake ni wati 240, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la PCI Express kwenye mazabodi linatoa wati 75, basi. Kadi ikitaka zaidi inahitaji waya wa pini 6, unaoongeza wati 75, au wa pini 8, unaoongeza 150. RTX 3060 inataka wati 170.

Mpwa wangu alilijua hilo akiwa amekwishalipa. Alinijia na kadi mkononi, feni mbili, ndefu kama kiatu cha askari.

"Mjomba, haiingii."

Tukafungua kasha. Kadi ilikuwa pana kuliko kasha lenyewe. Hata ingeingia, hakukuwa na waya wa kuichomeka. Fundi wa jirani akapendekeza adapta ya kutoa umeme kwenye waya za diski. Nilimkatalia, na nawe mkatalie: waya hizo hazikutengenezwa kwa mzigo huo, na plagi zake huyeyuka.

Kwa kasha kama hilo, tafuta kadi ya kimo kifupi isiyo na tundu la waya. RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka Februari 2024, inakula wati 70 na ina matoleo mafupi. Lakini, jina tena: RTX 3050 ya 8GB ni nyingine, ya wati 130, yenye viini 2,560 dhidi ya 2,304. Ukikosea GB umekosea kila kitu. RX 6400 nayo ni fupi na inakula wati 53 tu, ila inatumia njia nne tu za PCI Express, na mashine za zamani zinaibana.

Je, wajua kilichotokea tarehe 15 Septemba 2022? Ethereum iliacha uchimbaji wa sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika kwenye soko la mitumba. Kadi ya machimbo si lazima iwe mbovu. Kinachochoka kwanza ni feni, na vile vipande laini vinavyopoza chipu za kumbukumbu hukauka. Mwombe muuzaji aendeshe gemu nzito nusu saa mbele yako. Akisema umeme hana, rudi siku umeme ukiwapo.

Je, wajua kwamba kuna kadi bandia zinazojitambulisha kwa Windows kwa jina la uongo? Walaghai huchukua chipu ya NVIDIA ya mwaka 2010 au 2011, wakaibadilishia programu ya ndani, ikajiita GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu 2018, inaziandika FAKE mbele ya jina. Pia kuna RX 580 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la China: si bandia, ila ina viini 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 halisi. Kuna waliobahatika upande wa pili. Baadhi ya RX 480 za 4GB za mwanzo, mwaka 2016, zilikuwa na 8GB ndani, na wajanja wakazifungulia kwa kubadilisha programu ya kadi. Upande wa NVIDIA, GTX 970 iliuzwa kuwa ya 4GB kumbe nusu GB ya mwisho ilikuwa ya mwendo wa kobe. Kesi ya Marekani iliishia na ahadi ya dola 30 kwa kila kadi.

Je, wajua kwamba feni zikisimama wakati husomi ila barua pepe, kadi haijafa? Nyingi za kisasa huzima feni zikiwa baridi. Lakini ukiishi karibu na bahari, hewa ya chumvi hula metali, na vumbi humaliza kazi: fungua kasha, puliza, kila baada ya miezi michache. Na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo dawa yake ni UPS.

La mwisho limenitia aibu mimi mwenyewe. Nilifunga kadi mpya, nikacheza wiki mbili nikiilaani, kumbe waya wa skrini nilikuwa nimeuchomeka kwenye mazabodi, na picha ilitoka kwenye prosesa. Inama nyuma ya kompyuta yako sasa hivi. Matundu ya kadi yamelala chini, yamejipanga mstari mmoja. Waya uwe hapo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini: kama umenunua ya 144Hz, yawezekana Windows bado imeiacha kwenye 60.