Nyama Ikinuka, Sukari Imekwisha

Msomaji wa Tabata anauliza: nyama aliyoiweka kwenye friji Jumapili, Jumatano ameikuta imekuwa kahawia. Aitupe?

Rangi tuipite haraka. Ni mioglobini, protini ya misuli inayoshika oksijeni. Ikikaa na hewa hubadilika rangi, na hilo peke yake si kuoza. Kisa kipo kwenye harufu.

Bakteria wanaotamba juu ya nyama ya friji ni akina Pseudomonas, ambao baridi haiwasumbui. Hawaanzi na protini. Wanaanza na glukosi kidogo iliyobaki kwenye misuli. Ni kama watu waliozamia harusi: wanakula pilau kimyakimya, wanaitana, wanazidi kujaa, na mwenye shughuli hana habari. Sufuria likishakwanguliwa hadi ukoko, ndipo wanapogeukia viti na mapambo, na vurugu husikika mtaa wa pili. Viti hivyo ni asidi amino. Zikivunjwa hutoa amonia na gesi zenye salfa, na pua yako inashtuka. Kufikia hapo wazamiaji ni kama milioni 10 kwa kila sentimita ya mraba; wakifika milioni 100, nyama inateleza.

Pilau lilikuwa kiasi gani? Hapo inategemea ng'ombe aliishije siku zake za mwisho. Misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Ng'ombe aliyesimama ndani ya lori kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, akachinjwa kabla ya kula na kupumzika, anaweza kuwa ameimaliza akiba hiyo njiani. Nyama yake huwa nyeusinyeusi, haina asidi ya kutosha, na wazamiaji wanakuta sufuria tupu: wanaanza na viti moja kwa moja. Itanuka mapema, bakteria wakiwa bado wachache, huku kipande cha ng'ombe mwingine, bucha lilelile na friji ileile, kikiwa hakina harufu.

Lakini usitegemee pua peke yake: salmonela, bakteria wa maradhi, hanuki, na mwenzake listeria huongezeka hata kwenye friji, kwa hiyo tumia kalenda. Kwenye nyuzi 4 au chini yake, nyama ya vipande hukaa siku 3 hadi 5, ya kusaga siku 1 au 2. Ya Tabata ina siku 3: kama ni ya vipande, ipikwe leo, iive hadi ndani. Ila kama katikati umeme ulikatika zaidi ya saa 4, aitupe bila kuinusa.