Kufufua Sauti ya Mashine ya Zamani

Mnamo mwaka wa 1978 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilitoa Speak & Spell, chombo cha kuwafundisha watoto tahajia ya Kiingereza. Chombo kilitamka neno, na mtoto akaliandika kwa kubonyeza herufi. Ndani yake hamkuwa na kanda wala santuri. Sauti iliundwa upya kila mara na chipu moja ya silikoni, TMS5100. Chipu hiyo haitengenezwi tena. Ikiharibika, chombo huwa bubu, ingawa maneno yake yangalimo salama katika chipu nyingine za kumbukumbu.

Mwanafunzi akigusa koo lake na kutamka “zzz”, atahisi mtetemo wa nyuzi za sauti. Akitamka “sss” hatauhisi, kwani hapo ni pumzi tu ipitayo kwa msuguano. Chipu nayo ilikuwa na vyanzo viwili: mapigo yanayofuatana, badala ya nyuzi za sauti, na mvumo usio na mpango, badala ya pumzi. Sauti ya chanzo ilipitishwa katika chujio la kihesabu lililoiga umbo la koo na kinywa. Umbo hilo lilielezwa kwa namba kumi, nazo zilibadilishwa mara 40 kwa sekunde. Kila fungu la maagizo halikuzidi biti 49. Basi sekunde moja ya usemi ilihitaji biti 1,960 kwa wingi wake. Kurekodi sauti kwa vipimo 8,000 vya biti nane kungehitaji biti 64,000.

Leo hesabu hizo ni nyepesi. Kompyuta ya chipu moja kama ATmega328, iendayo kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde, huzimudu kwa programu fupi. Ugumu ulikuwa kwingine. Biti zilizohifadhiwa hazikuwa namba zenyewe za chujio, bali zilionyesha tu mahali pa kuzitafuta katika jedwali lililochorwa ndani ya TMS5100. Jedwali la TMS5220, chipu ya ukoo huohuo, ni tofauti. Atakayelitumia atasikia maneno yaliyopotoka.

Ndiyo maana wapenzi wa mashine hizo walichukua chipu zilizosalia, wakayeyusha ganda kwa asidi, wakaipiga picha silikoni kwa hadubini, kisha wakasoma jedwali biti moja baada ya nyingine. Chipu iliyofanyiwa hivyo mara nyingi haifai tena kwa kazi. Jedwali lake, hata hivyo, sasa limo katika programu, na maneno ya mwaka 1978 husikika kwa mkwaruzo wao uleule.